Majogoo Ukutani: Miaka Ishirini na Mitano ya Mama Donatus

Tarehe 30 Juni 1987, Bi. Paskazia Maganga, jina ambalo hapa Bunyalila hulitumia karani wa mishahara peke yake, anastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya misheni kwa miaka ishirini na mitano. Sisi wengine tunamwita Mama Donatus. Mimi, Ansgar wa dirisha la dawa, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniibia makasha mengi kama yeye, na wenzangu wameona ushahidi ninao.

Alianza Julai 1962 akiwa mfagizi. Baadaye akakabidhiwa cherehani, akawa anashona mashuka na kutia viraka makoti yetu. Halafu akapelekwa kliniki ya mama na mtoto kusaidia kupima uzito, na huko ndiko lilikoanzia balaa lake la picha. Mabango tuliyoletewa kutoka mjini yalikuwa na akina mama wenye viatu vya kisigino na nyumba za mapazia. Akina mama wa huku, wakulima wa pamba na wafugaji, waliyatazama kwa adabu kama wanavyotazama wageni wanaopita njia, basi. Mama Donatus akasema hawa si watu wetu, akachukua mkasi.

Watu wake aliwatengeneza kwa vitambaa. Alikwenda kwa mafundi cherehani wa Masumbwe kuokota vipande vya khanga na vitenge vilivyodondoka chini ya mashine, akavibandika juu ya makasha ya dawa, makasha yangu! Ngozi ilikuwa bandeji iliyolowekwa kwenye chai nzito, nywele katani, macho mbegu za papai. Mizani ya mtoto iling'aa kwa karatasi za vidonge. Sura hazikuwa na kitu zaidi ya macho, lakini ungeapa kwamba yule aliyebeba mtoto mgongoni amechoka, maana Mama Donatus alijua kukata mabega.

Gundi ilikuwa uji wa muhogo, na mende wakaufurahia kweli kweli. Asubuhi moja tulikuta mtoto mwenye afya ameliwa mashavu yote mawili, na mama mmoja akauliza kama huo nao ni ugonjwa. Nikashauri tuchanganye mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye sumu, kwenye gundi, mende wakahama. Hayo ndiyo mafanikio yangu pekee katika sanaa.

Lakini jambo ambalo Bunyalila haitalisahau ni la mwaka 1982. Mnakumbuka nguo zilivyoadimika. Rafu za duka zilikuwa tupu, na mwanamke mwenye kitenge kizuri alikuwa nacho hicho hicho, misani, msibani, kliniki. Mtu akija kwa mbali ulimjua kwa kitenge chake kabla hujaiona sura. Mama Donatus akaokota kipande cha njano chenye miavuli ya kijani, akamvisha mama wa picha mpya: mama aliyekaa nyumbani na mtoto mgonjwa mpaka akachelewa kumleta kwa matibabu. Hakujua kwamba kwa Bunyalila nzima kitenge hicho alikuwa nacho Esta peke yake. Mumewe alimletea kutoka machimbo ya Geita, na ndiyo kwanza kilikuwa kimeshonwa Masumbwe.

Siku ya kliniki Esta akaja amekivaa, akaketi chini ya picha. Benchi zima likacheka. Wengine wakamuuliza amelipwa nini hata akakubali kuwekwa ukutani. Esta alimfunga mwanawe Jilala mgongoni, akaondoka. Mtoto yule alikuwa amekonda vibaya, ndiyo kwanza uzito wake ulikuwa umeanza kupanda, na tulijua fika kwamba akikosa maziwa na matibabu yetu hatayaona mavuno. Kliniki iliyofuata hakuletwa. Wala iliyofuata hiyo.

Mama Donatus alimfuata Esta nyumbani. Alipewa kigoda vizuri, kisha akaambiwa kwa upole kwamba hapa hakuna ugomvi na mtu, ila kule kwenu sirudi kuwa kichekesho. Sisi tukashauri picha iondolewe. Akakataa, akasema ikiondolewa watu watasema basi ni Esta kweli. Nilibishana naye mchana kutwa, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Alikuwa na gauni moja la maana, kitenge cha buluu chenye majogoo wekundu, la Krismasi na Pasaka, linalojulikana mpaka Ushirombo. Akalikata. Jamani, mwaka ule! Akambandua mama wa pichani njano yake yote, akamvisha majogoo. Kisha akasimama mbele ya akina mama akawaambia, huyu mliyekuwa mnamcheka ni mimi. Akasema kabla ya Donatus alizaa mtoto wa kike, Serafina. Homa ilimshika, mama akangoja kesho, akangoja tena kesho, na alipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kukata roho mgongoni. Tulikuwa tumefanya naye kazi miaka yote ile na hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Nilikuwa dirishani na chupa mkononi. Nililia mbele ya wagonjwa, wala sioni aibu kuliandika.

Safari hii benchi halikucheka. Wanawake wawili waliinuka bila kuaga, wakaenda moja kwa moja kwa Esta. Kliniki haijafungwa, Esta akawa mlangoni na kitenge chake cha njano, Jilala mgongoni. Mama Donatus alimpokea mtoto, akamweka kwenye mizani. Alikuwa amepungua, lakini alilia kwa hasira, na sote tukashukuru kumsikia akilia hivyo. Leo Jilala huyo anafukuza mbuzi wa paroko, na kila wiki kuna anayekuja kumshtaki.

Tangu hapo akina mama huleta wenyewe pindo za vitenge vyao, wapate nafasi ukutani. Anisia, anayeshika kazi hii, amekwisha kufundishwa kukata mabega, kwa hiyo makasha yangu bado yako hatarini.

Dada yetu, asante kwa jasho lako na kwa utani wako. Kwa desturi yetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ulipofika hapa hukutuambia, nasi tukakuita kwa wa pili. Wiki iliyopita nilikuomba ruhusa ya kulirekebisha hilo, ukakubali. Basi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Bunyalila, kapumzike, ulime, ucheke na wajukuu. Tunakutakia maisha mema, Mama Serafina.