Kiganja cha Kuwabara Tokuji, Dalali wa Kitahama

Ndugu waombolezaji, jambo ambalo mashahidi wote wanaafikiana ni moja, kwamba asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 1972, katika ukumbi wa soko la hisa, Kitahama, Osaka, mkono wa marehemu Kuwabara Tokuji uliinuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 huko Kishiwada, akahitimu sekondari mwaka 1956, akaajiriwa mwaka huohuo na kampuni ndogo ya udalali, ambako alijifunza lugha ya mikono, kiganja kikimwelekea mwenyewe ananunua, kikitazama nje anauza, kwa kuwa katika zogo lile, ambamo mnunuzi wa bei ya juu kabisa alikutanishwa na muuzaji wa bei ya chini kabisa mbele ya macho ya wote, sauti haikufika popote. Tarehe 12 Aprili 1964 alimwoa Bi. Sayoko, wakajaliwa Michiyo na Haruhiko.

Siku hiyo ya Oktoba, Bwana Nagao, dalali wa kampuni nyingine na mgeni kazini, alidai kuwa amemuuzia marehemu hisa za kiwanda cha nguo, ilhali marehemu alikuwa ametumwa kuuza, na bei ikaporomoka kabla ya adhuhuri, hasara ikahitaji mwenye kosa, ikawa lazima mmoja wao auache ukumbi. Msimamizi alipomuuliza, marehemu alijibu, "Kama Nagao amekiona kiganja changu kikinielekea, basi nimenunua."

Akahamishiwa kwenye hisa zisizoorodheshwa sokoni, ambazo madalali wawili hupatana bei kwa simu, bila mnada wala shahidi, akadumu huko hadi alipostaafu mwaka 1998. Mchana alikula tambi za udon mkahawa mmoja na wenzake wa zamani, nao wakimtania kwa vidole kutoka meza ya pili, "Mzee wa simu, leo unanunua au unauza?", na ukumbi ulipofungwa mwaka 1999 alisimama mlangoni mpaka taa zikazimwa.

Aliugua mapafu tangu Februari 2019, akafariki tarehe 9 Novemba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na madalali wote wa Kitahama.

Jana kwenye mkesha Bwana Nagao alishikilia, "Shemeji, kaka alinunua. Nilikiona." Bi. Sayoko, akimmiminia chai, akamjibu, "Mkono ule nimeishi nao miaka hamsini na mitano, shemeji. Haukukosea hata kushika vijiti vya kulia."

Wote wawili walimpenda, kwa hiyo ushahidi wao tunaupokea kwa tahadhari. Kama alikosea, au alimwachia mgeni nafasi yake, mwenyewe hakusema, nasi hatuna mamlaka ya kumsemea, amueni ninyi mliomfahamu.

Mzee wetu, pumzika kwa amani.