Mkoba wa Mzee Vendelín

Ndani ya tramu ya mji wa Košice kila kiti kilikuwa na mtu, isipokuwa kimoja kilichokaliwa na mkoba wa mzee Vendelín.

"Mkoba nao umekata tiketi, bwana?" Hedviga, mama mmoja aliyesimama na vikapu vyake, alimvaa.

"Usikae hapa, mama. Nimetoka hospitali. Wamenitia dawa ya mionzi mshipani, inaisaka saratani popote ilipojificha. Kwa siku kadhaa nami natoa mionzi. Nimeambiwa nisikaribiane na wajawazito."

"Nina miaka sabini na moja. Mimba nitaipata wapi?" Akausukuma mkoba, akaketi. Waliokuwa wakisoma simu zao wakaacha kusoma, ila hakuna aliyeinua macho.

Vendelín hakucheka. Bintiye Drahomíra, mjamzito wa miezi saba, alikuwa akimsubiri kituo cha mwisho, na habari za saratani hakuzijua.

"Binti yangu ana mimba, ananisubiri kituoni. Nilimwambia nakwenda Piešťany, kwenye maji moto, kutibu magoti."

"Sasa akitaka kukukumbatia utamwambia magoti yanaambukiza?"

"Nitasema nina mafua."

"Mafua! Mwambie ukweli, baba wewe!"

"Akishtuka, mimba ikaharibika, je?"

"Na asipojua, akakung'ang'ania, je?"

Tramu ikapunguza mwendo. Drahomíra alikuwa kituoni, tumbo mbele, akipunga mkono. Vendelín akagonga kioo, akamwonyesha kiganja: simama hapo hapo. Binti akadhani ni utani wa baba yake. Akacheka, akatanua mikono, akaja mpaka mlangoni.

Mlango ukafunguka.