Ukuta wa Jiko la Ardith

Sogeeni karibu, jamani, nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, vijana wapisheni wazee viti, na mwenye mtoto anayelia ampe kipande cha mkate wa mahindi, tupate utulivu, maana marehemu mwenyewe aliagiza maneno haya yasomwe mara moja tu, polepole, bila kurudiwa, kama alivyokuwa akirekodi nyimbo zake.

Marehemu Ardith Napier alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, hapa hapa Kettle Branch, Kentucky, akiwa mtoto wa nne wa mzee Farris Sizemore, mchimba makaa ya mawe, na mama Ollie, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kila mwaka majani yakianza kupukutika alikoroga gundi ya unga wa ngano akabandika magazeti kwenye ukuta wa jiko kuziba upepo wa kaskazini, na kwa kuwa hakujua juu ni wapi na chini ni wapi, mengi aliyabandika kichwa chini, miguu juu.

Alianza shule mwaka 1957, akaingia darasani tayari anajua kusoma, kajifunzia ukutani, shingo kaipinda, hata mwalimu wake akawa anamuuliza, "Wewe Ardith, mbona unakitazama kitabu kama kuku aliyeona mwewe?" na shingo ile haikunyooka tena, ndiyo mnayoiona kwenye picha za santuri zake zote, watu wa mijini wakidhani ni maringo.

Aliacha shule mwaka 1965 mama Ollie alipougua, mwaka 1968 akaajiriwa katika kiwanda cha mashati, akashona kola kwa miaka kumi na tisa, na tarehe 3 Juni 1972 alifunga ndoa na Hobert Napier katika kanisa letu hili la Wabaptisti wa zamani, wakajaliwa watoto wawili, Verna mwaka 1973 na Dorsey mwaka 1976, wote wapo hapa leo, Verna ndiye yule anayejifanya halii.

Mwaka 1984 Ardith na fidla yake, Hobert na besi yake kubwa ya kusimama, na Estill, mdogo wake Ardith, na banjo yake, walianzisha bendi wakaiita Kettle Branch, jina la kijito kinachopita nyuma ya jiko, albamu ya kwanza ikatoka mwaka 1986, na zikafuata nyingine kumi na nne, wala hata moja hawakuipeleka kwa kampuni kubwa, maana watu wa kampuni kubwa walikuja mara mbili, wakala maharage yake, wakataka abadilishe matamshi, na mara zote mbili aliwafungia maharage yaliyobaki, akawaonyesha barabara.

Kila albamu ilipotoka wahakiki waliandika, na kila walichoandika, sifa au matusi, Ardith alikikata akakibandika ukutani kwa gundi ya mama yake, Hobert akauliza, "Mke wangu, na hili lililotutukana nalo?" naye akajibu, "Nalo, upepo haujui kusoma."

Hobert alitangulia mbele ya haki tarehe 11 Novemba 2015, wengi wakadhani bendi imekwisha, nayo haikwisha.

Mwaka 2021 madaktari walimwambia Ardith kwamba mapafu yake yamekakamaa na hayatapona, naye akawauliza kama yatafika albamu moja zaidi, wakatazamana, akasema, "Nimewaelewa, basi tusipoteze muda," na mwezi Aprili 2023 ikarekodiwa jikoni kwake ile tunayoiita Ukuta wa Kaskazini, na wimbo wa mwisho humo hauna ala hata moja, ameuimba pamoja nanyi mliomo humu kwa desturi ya kanisa letu, mmoja anautoa mstari upesi, wengine wanaudaka na kuuvuta taratibu, kila sauti ikipinda njia yake, na alipoishiwa pumzi katikati tulimngoja, kiti chake kikalia, akaendelea, na kungoja kule kumo ndani ya santuri, sekunde kumi na moja.

Albamu ilitoka tarehe 15 Septemba 2023, mhakiki mmoja akaisifu kuwa ni kazi yenye heshima ya uzeeni, Ardith akasema huyu ananisifu kama farasi anayepelekwa kuuzwa, na mwingine, wa gazeti kubwa la jijini, ambaye hajawahi kukanyaga hapa, akaandika kwamba sauti imekwisha, kwamba waimbaji wamepotezana kama watu waliotoroka moto, kwamba kimya kile ni aibu, na kwamba aliyewapenda wazee hawa angewaambia waache.

Maneno yale yalimchoma Estill kuliko yalivyomchoma dada yake, na hili marehemu aliagiza lisomwe naye Estill amekubali, kwamba alikwenda kwa Kip, kijana mwenye kampuni ndogo inayotoa santuri zetu, wakapatana kwamba toleo la pili lipitishwe kwenye mashine, sauti zinyooshwe na kimya kikatwe, ikabaki saini ya Ardith tu, na Kip akapiga simu, "Mama Ardith, ni sekunde kumi na moja, watu watadhani santuri imeharibika," naye akamjibu, "Basi wangoje, mwanangu, sisi mbona tulingoja?"

Tarehe 28 Oktoba alimwita Estill jikoni, yeye akiwa kitini na mpira wa hewa puani, akamwamuru akoroge gundi na kuubandika uhakiki ule kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa yake haikuinuka tena, na Estill akalalamika, "Dada, wanatucheka hadi kwa kinyozi!" akaambiwa, "Kinyozi yupi, yule aliyekukata sikio? Bandika, baridi inaingia."

Estill alipopiga magoti chini ya dirisha akakuta kipande cha mwaka 1986, kilichobandikwa kichwa chini kwa heshima ya mama Ollie, akapinda shingo akasoma kwa sauti, "Watatu hawa wanalia kama mbuzi waliofungiwa ghalani, majani yakipukutika hatutawasikia tena," akatazama nje, majani yalikuwa yanapukutika, akauliza, "Majani yapi hayo, dada?" wakacheka mpaka gundi ikamwagikia viatu na mpira wa hewa ukachomoka, na jioni ile ile akampigia Kip, "Usiguse kitu, hata kiti kinacholia kiache kilie."

Toleo la pili limetoka kama la kwanza, mhakiki hakubadili neno, wala hatukumwomba.

Ardith alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 6 Februari 2024, saa kumi jioni, akiwa anamtolea Estill mstari wa wimbo, Estill akaudaka, akauvuta, akangoja, na safari hii akaumaliza peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mapafu, majirani mliochanja kuni na kuleta keki za matofaa, ndugu wa kanisa, na Kip, aliyekuja na santuri mkononi na tai ya kuazima.

Fidla ameachiwa Tamsin, binti wa Verna, kwa sharti asinyooshe shingo, mashine ya kushonea ni ya Verna, nyumba ni ya Dorsey, naye haruhusiwi kupaka ukuta ule rangi, wimbo wa mwisho haukuachiwa mtu mmoja, tutauimba sasa hivi kaburini, kila mtu kwa njia yake, na brashi ya gundi ameachiwa Estill, pamoja na nafasi iliyobaki chini ya dirisha, kwa hiyo wahakiki na waendelee kuandika, bado pale panapita upepo.

Pumzika, Ardith, vuta pumzi yote unayoitaka, sisi tunangoja.