Risala ya Walishaji Kuhusu Tumbo la Malkia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Felician Hhawu, Mwenyekiti wa Bodi ya Bustani yetu ya Wanyama ya Vilima Viwili, hapa Gitting. Meneja wetu, Bwana Vicent. Daktari wetu wa mifugo, Mama Doris. Wazee wetu mliotoka Hirbadaw na Basotu asubuhi hii. Wanafunzi, na wageni wote: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Sisi ni walishaji wa wanyama. Tuko wanne: Patriki, Eva, Sara, na mimi Helena ninayesoma. Wenzangu wamenichagua kwa sababu wanasema mimi sitetemeki mbele ya wakubwa. Natetemeka sana, ila karatasi nimeibana kwenye ubao.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu sana. Tumefagia tangu juzi, na upepo wa mlimani umerudisha majani yote pale pale, kwa hiyo ukiyaona usidhani ni uvivu. Tunakushukuru kwa sababu mwaka juzi uliahidi kwamba utarudi, na umerudi. Wengi wanaahidi hapa, wakishafika barabarani wamesahau.

Tunaomba jambo moja kabla ya kuendelea. Utusikilize mpaka mwisho. Bwana Meneja aliomba kuiona risala hii jana, na tulimwonyesha ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ndio huu.

HISTORIA

Mirkati wetu walifika miaka mitatu iliyopita, wakiwa saba, ndani ya masanduku yenye matundu, kutoka bustani nyingine ya mbali kusini. Kwa asiyewajua, mirkati ni ndugu wa nguchiro wetu hawa wanaokimbia kwenye mabonde, ila yeye husimama wima kwa miguu miwili, mikono ameiweka mbele ya tumbo. Kwao ni mchangani, kukavu. Anakula mende, mabuu, nge, panzi, pengine mjusi, pengine yai. Anachimba tangu jua linapotoka. Anapata kidogo hapa, anachimba tena, anapata kidogo pale. Kazi ndiyo inayomlisha na kazi hiyo hiyo ndiyo inayompunguza.

Anaposimama wima, Mheshimiwa, anaangalia mwewe. Basi. Yuko zamu, analinda wenzake wanaochimba.

Lakini sisi wa huku tulimwelewa vingine, na hapa tunakiri kosa letu wenyewe. Siku ya kwanza tu, mmoja aliposimama na kutukazia macho, mikono mbele, Patriki akasema, "Jamani, anatupa shikamoo." Tukacheka, tukaitikia marahaba. Kesho yake kila aliyefika aliambiwa habari hiyo, na siku ya Jumapili watu walijaa wanaitikia marahaba mbele ya wavu. Sasa wewe unatujua, Mheshimiwa, wewe ni wa huku. Nani kati yetu amewahi kupewa shikamoo na mgeni aliyetoka mbali akamwacha aende na tumbo tupu? Watu wakaanza kuleta. Maandazi, ugali, ndizi, viazi vya kukaanga. Mama mmoja wa Basotu alileta samaki mzima, akalia tulipomzuia, akasema tunamwaibisha mbele ya wageni.

Mzee Gidahosh wa Hirbadaw, yule pale mwenye shuka nyekundu, alileta maziwa kwenye kibuyu, akayamimina yeye mwenyewe kwenye sahani, kwa heshima kabisa. Mirkati waliharisha siku tatu. Sisi ndio tuliosafisha.

MAFANIKIO

Tunayo, ingawa si mengi.

La kwanza ni Mzee Gidahosh mwenyewe. Eva alikwenda kumweleza, akiogopa, kwa kuwa si rahisi binti kumwambia mzee kwamba maziwa yake yameleta ugonjwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwao wanakula nini?" Eva akamtajia: mende, mabuu, nge. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Binti yangu, mimi nimeleta maziwa ya ng'ombe, kumbe wao wanataka kilicho chini ya mavi yake!"

Tangu siku hiyo, mara mbili kwa wiki, anatuletea debe la samadi kavu kutoka boma lake la zamani, lile ambalo ng'ombe walioogeshwa dawa hawalali. Ndani yake mna mabuu ya mende wa samadi, wanene, weupe. Tunaimwaga samadi bandani, tunaichanganya na mchanga, na mirkati wanachimba wenyewe nusu ya siku. Ukiwaona siku hiyo hutaamini kuwa ni wanyama wale wale. Hawasimami kuomba. Hawana nafasi.

La pili, tumejifunza kuwapima. Kila Jumatatu tunaweka mizani ya dukani, juu yake tone la yai, na kila mmoja anapanda kwa zamu. Eva anaandika. Daftari lipo na Daktari Doris analijua.

La tatu, hatujaua mnyama kwa sumu. Wapo waliotuambia twende kwenye mashamba ya ngano tukaokote panzi bure, magunia na magunia. Tulikataa kwa sababu mashamba yale hunyunyiziwa dawa. Tulitukanwa kuwa ni wavivu, lakini tulikataa.

Mafanikio yameishia hapo.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, changamoto ya kwanza ni picha yako.

Tunaomba radhi, lakini hakuna namna nyingine ya kuisema. Mwaka juzi ulipotutembelea, uliletewa keki, ukaikata, ukampa kipande Malkia, yule jike mkubwa anayeongoza wenzake. Alisimama wima akakipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa picha nzuri kweli, na hata sisi tulipiga makofi. Wiki iliyofuata picha hiyo ikachapwa kubwa kuliko mlango wa nyumba, ikatundikwa getini, na chini yake pakaandikwa: KARIBU, WANAKUSUBIRI.

Tangu hapo tumekwisha. Tunamwambia mtu, "Tafadhali, usiwape biskuti." Anatunyooshea kidole getini. "Mbona yule mzee anawapa keki?" Tunajibu nini? Tuseme yule mzee amekosea? Walimu wanakuja na wanafunzi sitini, kila mtoto ana biskuti aliyoitunza tangu asubuhi, na mwalimu anawapanga mstari walishe kwa zamu kama wewe. Bwana harusi mmoja wa Mbulu alikuja na keki yake ya harusi. Na suti yake! Tulimzuia, akamwita Meneja.

Patriki aliandika kibao, USILISHE WANYAMA, akakitundika chini ya picha ile. Kilikaa siku moja. Kiliondolewa kwa maelezo kwamba kinaonekana kama kinamkataza Mheshimiwa. Ndiyo, Mheshimiwa, kilikuwa kinakukataza. Kilikuwa kinamkataza kila mtu.

Changamoto ya pili ni fomu ya stoo. Ndugu yetu Yoakimu, mtunza stoo, si mtu mbaya. Fomu yake ina mstari wa majani, mstari wa pumba, mstari wa nyama na mstari wa mikate. Hakuna mstari wa wadudu. Tumeomba tutengewe chumba kidogo cha kufugia mende na panzi wasio na dawa, tukajibiwa kuwa stoo haiwezi kutoa kitu kisicho na mstari. Tukauliza, mstari unaongezwa na nani? Mpaka leo. Siku Mzee Gidahosh akiugua, mirkati wanakula mikate.

Sasa tunafika kwenye lililotukusanya leo. Tumeambiwa Mheshimiwa umekuja kwa sababu taarifa ya Bustani ilisema Malkia ana mimba, na kwamba tusherehekee watoto watakaozaliwa. Ratiba mliyonayo mkononi inasema, namba saba: Mgeni rasmi kukata keki na kumlisha Malkia mjamzito.

Mheshimiwa, Malkia hana mimba.

Mimba ya mirkati ni siku sabini na kitu. Taarifa iliandikwa miezi mitano iliyopita. Sisi tulisema tangu mwanzo. Daktari Doris alimpapasa, akasema hakuna mtoto humo. Tulipeleka maneno yake ofisini na tukaambiwa mwaliko umeshatumwa. Malkia alipofika hapa alikuwa na uzito wa gramu mia saba na ishirini. Jumatatu hii mizani imesoma elfu moja, mia tatu na kumi. Tumbo lile mnalolipigia picha ni keki. Ni biskuti, mikate, maandazi na viazi, kwa miaka miwili.

Na si jambo la kucheka, ijapokuwa tunawaona mnaocheka huko nyuma. Walikuja saba, wamebaki wanne. Wa mwisho kufa alikuwa dume lake, tulimwita Mrefu. Alikuwa hodari wa zamu, yeye ndiye aliyekuwa anapanda juu ya jiwe kuangalia mwewe. Mwishoni hakuweza kupanda jiwe. Alikaa chini yake akiangalia juu. Sara alimkuta amekufa asubuhi, Malkia amelala ubavuni mwake. Daktari alipompasua, ini lilikuwa la njano, limejaa mafuta, na Daktari akatuita sote wanne tulione. Tuliliona. Hatutalisahau.

Daktari amesema Malkia anafuata njia hiyo hiyo. Amesema akiachishwa vitamu sasa na kuchimbishwa kila siku, anaweza kupona, hata kuzaa kweli. Asipoachishwa, hafiki masika. Yeye ndiye jike pekee tulilobaki nalo. Akienda, wale madume watatu watabaki wanazeeka, na banda litabaki na picha ya getini.

Tumechoka, Mheshimiwa. Tunasema wazi kwamba tumechoka. Tunaitwa walishaji, lakini kazi yetu ya siku nzima ni kuzuia watu wasilishe, na kila tunapozuia tunaonekana wachoyo, sisi ambao hatuna hata cha kufanyia choyo. Tunatukanwa na wageni, tunaonywa na ofisi, na jioni tunampandisha mnyama kwenye mizani tukiogopa kusoma.

MAOMBI

Tunaomba picha ya getini ishushwe. Leo, kabla basi la wanafunzi halijaondoka, ili waone ikishushwa.

Tunaomba fomu ya stoo iongezwe mstari mmoja, uandikwe: wadudu. Kalamu tunayo.

Tunaomba mirkati walishwe na walishaji tu, kidogo kidogo, mara nyingi, na chakula kifukiwe mchangani ili wakitafute. Mgeni anayetaka kutoa alete debe la samadi safi kama Mzee Gidahosh, na sisi tutampokea kwa heshima zote. Na anayepewa shikamoo na mirkati aitikie marahaba, inatosha. Marahaba haina mafuta.

Ombi la mwisho ni la leo. Keki iko pale mezani chini ya kitambaa cha bluu, tunaiona na harufu tunaisikia. Malkia pia anaisikia. Ukigeuka sasa, utamwona amesimama kwenye dirisha la kulishia tangu nilipoanza kusoma. Haangalii mwewe tena, Mheshimiwa. Anaangalia kitambaa.

Hapa ninawaomba wenzangu radhi, niseme kwa nafsi yangu. Ufunguo wa dirisha lile ninao mimi Helena, mfukoni. Ninakuheshimu kama baba yangu, na baba yangu mwenyewe nisingempa ufunguo huu akiwa na keki mkononi. Kama ni kufukuzwa kazi, basi nifukuzwe baada ya risala kwisha.

Lakini pembeni ya keki tumekuwekea kopo la bati. Ndani mna mabuu sita, Mzee Gidahosh ameyachagua mwenyewe asubuhi. Yako hai. Tunajua si jambo jepesi kwa mtu mwenye suti kushika buu mbele ya watu, kwa hiyo tumeandaa pia maji ya uvuguvugu na sabuni. Uyafukie mchangani, moja hapa, jingine kule, kisha usogee nyuma. Malkia atachelewa, kwa sababu amesahau kuchimba na tumbo linamzuia. Tunamwomba mpiga picha awe na subira. Akianza kuchimba, hiyo ndiyo picha tunayoitaka getini, wewe ukiwa na vumbi mikononi na yeye akiwa na kazi. Chini yake tutaandika maneno ya kibao cha Patriki, na hakuna atakayesema tunakukataza.

Keki tutaila sisi, pamoja nawe, na chai ya maziwa ya Mzee Gidahosh. Sisi hatupimwi Jumatatu.

Mungu akupe afya na maisha marefu, Mheshimiwa. Aibariki Bodi, awabariki ng'ombe wa Hirbadaw na kila walichokiacha nyuma yao. Na Malkia amjalie aione masika.

Ni sisi walishaji wa Bustani ya Wanyama ya Vilima Viwili, Gitting:
Patriki, Eva, Sara, na Helena mwenye ufunguo.