Karata ya Arobaini

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali, na ikifika saa kumi jioni linajaa wataalamu. Birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili. Fundi mwenyewe alikuwa na karata thelathini na tisa mapajani, anatafuta ya arobaini ili bunda lake la kuchezea litimie. Juma lililopita kinyozi, shemeji yake, alimshinda katika mchezo huu wa wachawi na majoka, akaondoka na Joka Jekundu, karata ambayo Fundi aliachiwa na marehemu kaka yake. Leo wanarudiana. Tangu asubuhi Fundi hajagusa soli hata moja, roho inamuuma.

Sasa ameshika karata ya uchawi iitwayo Kisima cha Mizimu: ukiicheza, okota tatu, tupa moja.

— Weka hiyo, alisema Profesa, mwenye mashine ya fotokopi hapo jirani. Tatu toa moja, mbili. Faida tupu.

Mama Mizani, muuza vitunguu, aliichukua akaipima kiganjani.

— Na hii yenyewe si imetoka mkononi? Inabaki moja.

— Hiyo ni gharama ya uendeshaji, mama. Haihesabiwi.

— Kwangu kila kitu kinahesabiwa, hata mfuko.

Dereva Mstaafu akashusha kikombe.

— Nyie mnahesabu, mimi namwangalia mtu. Mwenye karata kumi mkononi anaonekana ana mpango. Kinyozi atatetemeka.

— Ndiyo maana wiki nzima tunamwambia aweke za kuokota tu, alisema Profesa. Ataokota, ataokota, mpaka bunda liishe. Hapo kinyozi atabaki na nini?

— Atabaki na lake, alisema Mama Mizani.

— Lakini kachanganyikiwa, alijibu Profesa.

Fundi alifarijika. Hajawahi kupata watu wengi hivi wa kumfikiria. Akaichomeka.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, kiatu kimekatika mkanda. Alikaa pembeni, akazitazama zile karata.

— Samahani kaka, mtu anashindaje hapa?

— Unampiga mwenzako mpaka nguvu zimwishie, alisema Fundi.

— Haya. Na ya kumpigia ni ipi?

Fundi akaanza kupekua. Kisima. Ndoo. Kamba. Kisima tena. Mashujaa wake wote, zile karata za kupigia, alikuwa amewatoa wiki hiyo, mmoja mmoja, kwa ushauri wa benchi. Profesa alichungulia ndani ya birika. Dereva Mstaafu alikumbuka kwamba anangojwa nyumbani, ingawa hakuinuka. Fundi alifika ya arobaini, akarudia kutoka mwanzo.

Ng'ambo ya barabara kinyozi alikung'uta taulo, akafunga mlango. Ncha nyekundu ya karata ilichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

— Shemeji, uko tayari?

Fundi aliwatazama wenzake. Wenzake walitazama vikombe, na vikombe vilikuwa vitupu.

— Nipe dakika, shemeji, alisema, akanyoosha mkono kwa yule dada. Lete hicho kiatu. Nitakishona polepole.