Dini ya Mzee Zamu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama huko nje kwa sababu viti havikutosha, familia imemkabidhi kazi hii mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa masijala, kwa kuwa ndiye anayejua tarehe, naye anawaomba tangu mwanzo mumvumilie, maana katika miaka thelathini na moja ya kuandika habari za watu hakuwahi kuruhusu fomu itoke mezani kwake ikiwa na nafasi tupu, na leo ameamka akiwa nayo moja mfukoni. Ni kibali cha mazishi cha kaka yake. Makaburi ya mji, kama mjuavyo, yamegawanywa, watu wa Ijumaa wana upande wao, wa Jumamosi wao, wa Jumapili wao, na msimamizi haonyeshi pa kuchimba mpaka aone mbele ya neno Dini pameandikwa kitu, na pasipoandikwa kitu maiti hupelekwa nyuma kabisa, kando ya ukuta, wanakolazwa waliookotwa na wasio na mwenyewe. Mtu aliyejaza ua huu na barabara yote ile hadi kwenye kona ya duka la dawa, alazwe na wasio na mwenyewe, hilo limemkera karani tangu Jumanne, lakini utaratibu ni utaratibu, tuanze alipozaliwa, huenda jibu limejificha humo.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mpakia mizigo na mkunga, baba akiwa mtu wa Ijumaa na mama mtu wa Jumapili. Siku hiyohiyo baba alimwadhinia sikioni, wiki ya tatu mama akampeleka kimyakimya akatiwa maji kichwani, na bibi mzaa baba, ambaye hakuziamini dini zote mbili kwa kuwa alizikuta zikiingia akiwa tayari mtu mzima, akamtoa kizingitini, akamwaga maji chini na kuwaomba waliotangulia wamtambue mjukuu wao. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilala usingizi mara zote tatu. Miaka minne baadaye alipozaliwa huyu anayewasomea, wazee walikuwa wamechoka kubishana, akaachiwa baba peke yake, na hajawahi kupata taabu ya kujaza fomu.

Mwaka 1964 alianza shule ya msingi iliyokuwa chini ya watu wa Jumapili, na jioni alikwenda chuoni kuhifadhi pamoja na watoto wa Ijumaa, na hapa msomaji wenu huyu alitarajia apate mwanga, kwa sababu mtoto hupenda upande mmoja na kuutoroka mwingine, kumbe Desemba 1970 marehemu alitoka wa kwanza kwenye somo la dini huku na huku katika wiki moja. Baba alitundika cheti chake ukutani, mama akatundika chake kwenye msumari uleule, na kila aliyeingia nyumbani aligeuza chake kikae mbele. Alipoulizwa na mdogo wake kipi anachokitaka yeye, alisema anautaka msumari, maana ndio uliobeba vyote, na mdogo wake, akiwa na miaka tisa, alidhani kaka anafanya mzaha, na mpaka leo hana hakika. Baadaye alisomea useremala katika chuo cha ufundi, akahitimu tarehe 30 Novemba 1974.

Tarehe 6 Januari 1975 aliajiriwa katika hospitali iliyopo karibu na kituo cha mabasi, akitengeneza vitanda, milango na magongo, hadi tarehe 3 Septemba 1984 alipotumwa kupiga rafu katika iliyokuwa stoo ya magodoro, ambayo uongozi ulikuwa umeamua iwe chumba cha sala cha wagonjwa wote, wa dini zote. Aliingia na msumeno wake asubuhi, na twaweza kusema hakutoka tena kwa miaka arobaini, kwani alipomaliza rafu akaulizwa kama anaweza kukaa siku mbili tatu awaonyeshe watu pa kuweka vitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri alitandika mikeka, akaihakikisha imeelekea inakotakiwa kwa kamba aliyoipima na kuibana sakafuni kwa pini mbili, wakitoka anakunja, anapanga viti ishirini na vinne, anateremsha msalaba kutoka rafu ya juu, wakitoka anaupandisha, anatoa viatu vyote mlangoni na kuweka taa za mafuta kwa ajili ya wale aliowaita watu wa taa, ambao walikuja na maua, anafagia maua, na Jumamosi alificha hata kengele ya wengine isije ikamkwaza mtu. Muda wa kundi moja ukiisha alibisha mlango mara mbili, taratibu, akasema zamu, basi, neno moja tu, na ndipo alipopata jina la Mzee Zamu, ambalo hata barua za hospitali zilimwandikia. Waganga wa mwili wana dawa zao, alikuwa akisema, mimi nina ufagio.

Sasa msikilize neno lililotuponza. Kwa kuwa alikaa nyuma ya chumba katika sala zote, akiinama walipoinama na kunyamaza walipoomba kimya, kila kundi kwa wakati wake lilimuuliza, Mzee Zamu, wewe ni wa wapi hasa, naye akawajibu wote kwa jibu moja, mimi ni wa hapa hapa. Yeye, kwa kadiri karani anavyoweza kukisia, alimaanisha chumba, au hospitali, au pengine hakutaka kuulizwa, lakini watu wa Ijumaa walisikia ni wao, wa Jumamosi wakasikia ni wao, wa Jumapili wakamwandika kabisa kwenye daftari la waumini, na watu wa taa wakamletea shada la maua kila mwaka mpya wao. Jumanne asubuhi wazee wanne walifika hapa uani kwa nafasi ya nusu saa nusu saa, kila mmoja na ushahidi, kila mmoja anaapa kwamba alimwambia kwa kinywa chake, na ushahidi wa wote ulikuwa maneno yaleyale matano. Wa Ijumaa alikuwa akilalamika, kwa haki yake, kwamba maiti inacheleweshwa, wa Jumamosi akasema kwa hali hii tusije tukasogea hadi siku yake, wa Jumapili akauliza kwaya ipange nyimbo ngapi, na mzee wa watu wa taa, mpole sana, akasema wao hawana haja ya kaburi kwa kuwa huchoma, hapo mdogo wa marehemu akaomba maji ya kunywa na kukaa chini.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Ijumaa tarehe 19 Desemba 1986, mbele ya msajili wa serikali, kwa sababu viongozi wa pande zote walitaka kwanza ajitambulishe, na yeye akasema kwa sasa anatambulika vya kutosha kwa bibi harusi. Mkewe, shemeji yetu, alikuwa akifanya kazi ya udobi katika hospitali hiyohiyo, ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vyote vya chumba kile, naye ni mtu wa Jumapili asiyekosa, akamngoja mumewe siku moja aseme neno, akamngoja miaka thelathini na minane na nusu. Msomaji aliwahi kumuuliza kama hilo halimuumi, akajibu linamuuma kila Jumapili saa nne, lakini mwanamume anayekukunjia nguo bila kuambiwa hutamwacha kwa sababu ya saa moja ya wiki.

Walijaliwa watoto mapacha, wa kike na wa kiume, tarehe 2 Agosti 1989, na mama yao tangu siku hiyo anaitwa Mama Pacha. Wa kike akamfuata mama, wa kiume, akiwa na miaka kumi na sita, akamfuata babu yake, na kila mmoja alipokwenda kumwambia baba uamuzi wake, akitegemea ama baraka ama ugomvi, aliambiwa vizuri mwanangu, ukipata nafasi uniombee na mimi. Kwa hiyo kila mmoja alidhani kwamba mwenzake angalau ameambiwa zaidi, na juzi tu, wakiwa wameketi pembeni mwa jeneza, ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyeambiwa zaidi.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa mara ya kwanza tarehe 18, na mara ya mwisho tarehe 27 Mei mwaka huu, wodi namba sita, kitanda cha dirishani ambacho alikitengeneza yeye mwenyewe mwaka 1979 na akakisema kwamba kinalia. Kwenye faili lake, mbele ya neno Dini, karani amehesabu majibu manne yaliyoandikwa na kukatwa, kila moja kwa mwandiko wa muuguzi mwingine, kutegemea ni nani aliyekuja kumtazama siku hiyo. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Hapa historia ingeishia, lakini kibali bado kilikuwa kitupu, na jana Jumatano mdogo wa marehemu alikwenda mwenyewe katika chumba cha sala kutafuta chochote, kitabu, tasbihi, hata karatasi. Alichokikuta ni ratiba mlangoni, kwa mwandiko wa kaka yake, na kila Jumatano saa nane hadi saa tisa mchana pameandikwa, pamefungwa, usafi. Muuguzi wa zamu akacheka, akasema saa hiyo ni ya miaka yote, lakini ufagio hausikiki kamwe. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Karani akaingia, akafunga mlango, akakuta chumba kisafi tayari, hakuna mkeka, hakuna kiti, hakuna msalaba wala taa, akasimama katikati asijue aelekee wapi, akaanza kuvua viatu, akavua kimoja, akasita, akabaki hivyo hivyo na kiatu mkononi. Anawaambia ukweli kwamba alilia, na kwamba hakujua anamlilia kaka aliyekufa au kaka ambaye hakumfahamu, na saa tisa ilipofika akavaa kiatu chake, akatoka.

Asubuhi ya leo alimpelekea shemeji kibali na kalamu, akamshauri waandike dini yake yeye mke, wamalize, nani atahoji, na kusema kweli wazo hilo lilikuwa la woga. Mama Pacha akakataa. Akasema hakumlisha mumewe maneno akiwa hai, hatamlisha sasa kinywa kimefungwa. Ndipo akaeleza jambo ambalo hakumwambia mtu, kwamba Jumatatu, kama saa tisa na nusu, mgonjwa alifumbua macho akamuuliza, leo zamu ya nani, na yeye, akidhani ni homa, akamjibu ili kumtuliza, leo zamu yako, Baba Pacha. Marehemu akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo, akasema, basi wafungulie.

Shemeji akasema hajui maana yake, na msimuulize tena. Lakini kule ukutani, akasema, wamelala watu ambao hawajawahi kupigiwa hata hodi, hakuna aliyewasomea, hakuna aliyewaimbia wala kuwawashia taa, na mume wake akilala kule, makundi yote manne yatalazimika kumfuata. Mpelekeni, akasema, awapelekee wageni. Wazee wanne wameambiwa, wawili wamekubali palepale, mmoja amesema atasimama mbali kidogo na kuomba kutokea huko, mmoja anaendelea kuulizia kwa wakubwa wake, na msomaji haelewi kama tunafanya sawasawa, hilo mlijue, ila kaburi litachimbwa huko, na kila kundi litaomba kwa namna yake, moja baada ya jingine, bila kufupisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliovumilia wageni wa aina zote nje ya muda wa kutazama wagonjwa, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana na wa udobi, majirani mlioleta maji, viti na turubai, na wazee wa makundi yote manne, ambao tangu Jumanne hawajaondoka hapa uani, na jana msomaji aliwakuta wakigawana kivuli kimoja cha ukuta.

Kabla ya kusimama mbele yenu, karani alitoa kibali mfukoni, akakiweka juu ya goti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaandika kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko wake ulio bora kuliko yote, haijulikani, akatia sahihi chini yake kama ndugu wa damu. Herufi zinasomeka.

Pumzika, kaka, kwa amani ile uliyoijua wewe.