Nafasi Yangu Kwenye Roketi ya Oktoba

Zimeni televisheni, wanangu, mje mkae hapa, Dewey kuliani na Lorraine kushotoni, na asitoke mtu mpaka nimalize, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Nesi nimemwomba akanywe kahawa barazani. Haya ni ya kwetu.

Asubuhi nimewasikia jikoni. Mlidhani dawa imenilaza, kumbe masikio yangu ndiyo kiungo pekee kilichokataa kustaafu. Wewe Dewey ulisema, "Kampuni ya kurusha majivu ya wafu angani wamepiga tena. Roketi ya Oktoba wanafunga kupokea Ijumaa, na majivu yasipofika nafasi ya Mama anapewa mtu mwingine."

Lorraine ukamjibu, "Basi chukua mto umzibe pua, si ndicho unachosubiri?"

"Dada, usinitie maneno mdomoni!"

"Nikutie ya nini, na kutwa macho yako yako kwenye kalenda?"

Mlango ukabamizwa mpaka vikombe vikalia, nami nikabaki hapa kama abiria anayechelewesha safari ya mazishi yake mwenyewe. Ningecheka, ila mbavu haziniruhusu.

Nawajua, nimewazaa. Hamgombanii roketi. Lorraine, una donge tangu afe baba yenu Harlan: kampuni ilichukua majivu ya kujaa kifuniko cha rangi ya mdomo, yaliyobaki Dewey akayamwaga baharini kama mwenyewe alivyotaka, ukabaki huna kaburi la kupeleka maua. Siku anarushwa angani, mtaa mzima umesimama nje shingo juu, wewe ulijifungia garini ukapandisha vioo. Na wewe Dewey hujamsamehe dada yako kwa hilo. Tangu hapo Krismasi mnakaa meza moja kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.

Sasa sikieni nilivyoamua, na asinikatize mtu. Sitachomwa. Nizikeni mwili mzima kwenye makaburi ya kanisa hapa Mims, chini ya mialoni, jiwe liandikwe jina langu na la baba yenu, ili Lorraine apate pa kulia, na pa kunisemea maovu yangu akipenda. Tulia, Dewey! Usiutoe mkono wako. Juu nako nitakwenda.

Miaka yote tuliyoendesha lori, kutoka Maine hadi California na kurudi, baba yenu alishika usukani nami nikashika ramani, na mwanamume yule alikuwa radhi atufikishe Kanada kuliko kukiri kwamba kona imempita. Sasa anaizunguka dunia peke yake, hana wa kumwambia. Nimwacheje? Kwa hiyo jana nilimpigia mwenyewe yule binti wa kampuni, nikamuuliza kama ni lazima mtu afe ndipo apande. Akakohoa kwanza, maskini. Kisha akasema hapana, nywele pia wanapokea, hata za aliye hai.

Basi Lorraine, ni wewe utakayenikata nywele, leo hii, na Dewey ndiye atakayezipeleka kabla ya Ijumaa. Najua mmoja wenu hataki nipae na mwingine hataki nizikwe. Nimewasikia vizuri, na kila mmoja namnyima nusu. Mkikataa, nikifa mtagawana hata sufuria, na mimi sitakuwepo kuwapiga makofi.

Subirini... maji kidogo. Ahsante.

Nyumba ni yenu wote wawili, isiuzwe mmoja akinuna. Lori lililolala nyuma ya nyumba ni la Dewey, na aache kuwaambia watu kwamba litawaka. Deni langu ni moja: bakuli la jirani yetu Opal, lile la makaroni ya jibini, lenye jina lake kwenye utepe chini. Lirudisheni likiwa na chakula, msinitie aibu. Akileta jingine kwenye matanga, kuleni mmalize, kwa sababu ataulizia.

Siku ya roketi wataahirisha, mnawajua. Upepo, wingu, mvuvi aliyepotelea na mashua yake chini ya njia ya roketi. Wakiahirisha, asirudi mtu kwake. Mlale humu humu, mle pamoja, mgombane kama mna nguvu, lakini mpaka iruke muwe uwanjani nyote, na Lorraine asiwe... asiwe garini. Umenisikia?

Mkasi uko droo ya juu. Dewey, ninyanyue kichwa... hapana, taratibu... hapo hapo. Mungu awape maisha marefu, wanangu. Awape watoto wakaidi kama ninyi, muonje. Awape... mpendane nikiwa sipo, kama... pumzi hii... Lorraine, mbona umesimama? Sioni vizuri. Sogea. Unalia, na huyu naye analia, machozi yake yananidondokea usoni.

Kata, mama. Kata, mkono wa kaka yako unachoka.